Punguza kelele chumbani kabla ya kununua spika kubwa

WAKAZI wengi wa mijini hununua spika kubwa za televisheni wakitumaini kusikia vyema maneno ya filamu. Mara nyingi tatizo si spika, bali ni kelele zilizomo chumbani.

Chukua mfano wa sebule iliyo kando ya barabara. Matatu zinanguruma nje, feni inazunguka na friji inavuma. Mazungumzo ya kawaida huwa na sauti ya desibeli 60 hivi. Kelele zikikaribia kiwango hicho, maneno humezwa, nawe huongeza sauti. Mtoto aliyeketi mbele ya spika ndiye huumia zaidi.

Kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu ya sauti inayofika sikioni huwa maradufu. Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda huo hupungua hadi saa 4 pekee.

Ndani ya sikio mna seli zenye vinyweleo vidogo ambazo hupeleka habari za sauti kwenye ubongo. Kelele nyingi huziua, na kwa binadamu zikifa hazimei tena.

Ufanye nini basi? Kwanza, funga madirisha ya upande wa barabara na uzibe nyufa za mlango. Usifanye hivyo ikiwa jiko la makaa linawaka ndani, kwani moshi wake huua. Pili, tandika zulia na utundike mapazia mazito ili kupunguza mwangwi unaovuruga maneno. Tatu, sogeza viti karibu kidogo na televisheni, kisha upunguze sauti.

Ukiwa bado unataka kununua kitu, tafuta spika ya katikati, kwani maneno mengi ya filamu hutokea hapo. Usivutiwe na idadi ya wati. Wati zikiongezwa maradufu, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu.

Ukisikia mlio masikioni baada ya filamu, au ukiwaomba watu wakuambie jambo mara mbili mbili, muone daktari upimwe. Huenda ikawa ni nta tu iliyoziba sikio, na hiyo huondolewa kwa urahisi. Usiitoe mwenyewe kwa njiti ya kiberiti.