Ukichoka na Kampuni Inayohosti Tovuti Yako

"Mpendwa mteja, tumepokea tiketi yako na inashughulikiwa." Baada ya hapo kimya. Tovuti imezimika, simu ya ofisi inaita mpaka inakatika, ujumbe wa WhatsApp umesomwa na haujajibiwa, na mtu anayetaka kulipia chumba anakutana na ukurasa mweupe. Ninasimamia tovuti ya nyumba ya wageni ya dada yangu huko Jambiani, na jibu hilo tulilipata katika msimu wa Desemba, wakati maombi ya vyumba yanaingia usiku na mchana. Kampuni yenyewe haiko ughaibuni, ni ya hapahapa Dar es Salaam. Ilipokuja kuzungumza, ilisema nafasi yetu imejaa, tulipie kifurushi kikubwa zaidi. Kifurushi tulichokuwa nacho kilitangazwa kuwa hakina kikomo.

Kilichojaa hakikuwa diski. Kampuni nyingi huweka ukomo wa idadi ya mafaili, na kila barua pepe iliyolala kwenye seva ni faili moja. Nakala za picha ambazo WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, hujitengenezea kwa vipimo mbalimbali nazo zinahesabiwa. Ukomo huo hauonekani kwenye tangazo, uko ndani kabisa ya masharti ya matumizi. Mfanyakazi mmoja anayeijua kazi yake angetueleza hayo kwa dakika chache, tungefuta barua za zamani, na tovuti ingerudi bila mtu kuongeza hata senti. Ndiyo maana nasema anayetafuta kampuni mpya awachunguze kwanza watu wake, bei ifuate.

Kwa tovuti ndogo, mitambo ya kampuni hizi haitofautiani sana. Seva moja hubeba mamia ya tovuti, mfumo wake ni Linux, paneli ya kuisimamia ni cPanel au DirectAdmin, na cheti cha usalama kinachofanya anwani ianze na https kwa kawaida hutoka Let's Encrypt, ambao wamekuwa wakivitoa bure tangu mwishoni mwa 2015. Kampuni ikikutoza kwa cheti cha kawaida cha tovuti ya duka, iulize unalipia nini hasa. Kinachozitofautisha kampuni ni nani anayekaa kwenye dawati la msaada, anajua nini na anaruhusiwa kufanya nini. Mwaka 2018 cPanel iliuzwa kwa kampuni ya uwekezaji ya Oakley Capital, na mwaka uliofuata ikaanza kutoza leseni kulingana na idadi ya akaunti zilizomo kwenye seva. Waliokuwa wakiuza kwa bei ya kutupa walibanwa: wapandishe bei, wabadili paneli, au wapunguze matumizi mahali pengine. Mimi naamini mahali rahisi pa kupunguza ni mishahara ya wanaojibu tiketi, maana pengo hilo mteja halioni siku anayonunua.

Kuna pia mtego wa kuhama bila kuhama. Kampuni ya Kimarekani ya Endurance International Group iliinunua Bluehost mwaka 2010, kisha HostGator mwaka 2012, pamoja na majina mengine mengi ambayo yaliendelea kuuzwa kana kwamba yanashindana. Agosti 2013 kituo chao cha data kilichoko Provo, jimbo la Utah, kilipata hitilafu, na Bluehost, HostGator, HostMonster na JustHost zikaanguka siku moja. Mwaka 2021 Endurance iliunganishwa na Web.com ikawa Newfold Digital. Mtu anayetoka Bluehost kwa hasira na kuingia HostGator bado yuko kwa mmiliki yuleyule. Kabla ya kulipa, tafuta jina la kampuni mama. Mara nyingi limeandikwa chini kabisa ya ukurasa au kwenye masharti.

Bei nayo inataka kalamu na karatasi. Tuseme tangazo la kampuni ya nje linasema dola 3 kwa mwezi. Ukisoma vizuri utakuta bei hiyo ni ya anayelipa miaka mitatu kwa mkupuo, yaani dola 108 siku hiyohiyo. Muda ukiisha, kuhuisha ni dola 10 kwa mwezi, sawa na dola 360 kwa miaka mitatu inayofuata. Kwa miaka sita umetoa dola 468, na dola moja ikiwa shilingi 2,600 hizo ni shilingi 1,216,800 kabla ya kodi yoyote. Chukua sasa kampuni ya nyumbani inayotoza shilingi 150,000 kwa mwaka. Ongeza VAT ya asilimia 18 inayotozwa Tanzania Bara, unapata 177,000. Kwa miaka sita ni 1,062,000. Nimechagua tarakimu hizi kwa mfano tu, lakini mtindo wa bei ya kukaribisha na bei ya kuhuisha ndio ulivyo, na ile iliyoonekana nafuu kwa mbali imepitwa. Aliyelipa mkupuo pia amejifunga. Dhamana ya kurudishiwa fedha huwa ya siku 30 au karibu na hapo, na huduma mbovu huwa haijitokezi katika mwezi wa kwanza.

Shilingi yenyewe haitulii. Mwaka 2022 dola ilikuwa karibu shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. Mwenye duka anayeuza kwa shilingi na kulipia tovuti kwa dola anabeba tofauti hiyo peke yake. Tangu kanuni za Machi 2025 za matumizi ya fedha za kigeni, kampuni iliyoko Tanzania haitakiwi kukutangazia bei kwa dola wala kudai ulipe kwa dola, kwa hiyo ankara ya kampuni ya Dar es Salaam au Arusha iwe ya shilingi.

Ahadi ya asilimia 99.9 ya kuwa hewani inaruhusu takriban saa 8 na dakika 45 za kuzimika kwa mwaka, na asilimia 99 tu inaruhusu zaidi ya siku tatu na nusu. Soma hasa sehemu ya fidia. Kwa kawaida hurudishwa sehemu ya ada ya muda uliopotea, na siku moja ya kifurushi cha shilingi 150,000 kwa mwaka haifikii shilingi 500. Vyumba vilivyokosa wageni siku hiyo havimo katika hesabu yao.

Swali la seva iko wapi lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania, Kenya na nchi jirani ikadorora kwa siku kadhaa. Tovuti iliyokuwa kwenye seva ya Dar es Salaam, ikapitia kituo cha kubadilishana data cha hapa, ilikuwa na njia ya kumfikia mteja wa Temeke bila kuvuka bahari. Hata siku za kawaida, safari ya data kwenda Ulaya na kurudi mara nyingi huzidi milisekunde 150, na ukurasa mmoja huhitaji safari nyingi. Muuza vipuri wa Kariakoo ambaye wateja wake wote wako Tanzania afikirie seva ya nyumbani, au walau ya Nairobi. Dada yangu wageni wake wanatoka Ujerumani na Italia, kwa hiyo seva ya Ulaya inamfaa zaidi.

Lakini usidhani kampuni yenye namba ya simu ya Dar es Salaam ina seva Dar es Salaam. Baadhi yao ni wauzaji wa rejareja: wamekodi nafasi kwenye seva iliyoko Ujerumani au Marekani, nao wanakugawia. Si dhambi, na wengine wanafanya kazi nzuri. Ila tovuti ikizimika, tiketi yako inakwenda kwao, nao wanaandika tiketi yao kwa mwenye seva, na wewe unangoja mara mbili. Waulize moja kwa moja: seva ni yenu au mmekodi, na nani mwenye uwezo wa kuiwasha upya usiku wa manane?

Maswali haya yatume kabla ya kulipa, na yatume Jumamosi usiku kwa dawati la msaada. Idara ya mauzo hujibu haraka popote, kwa hiyo kasi yake haikuambii kitu. Ukomo wa mafaili ni ngapi? Bakapu hufanywa kila baada ya muda gani, hukaa kwenye jengo lipi, na kuirejesha ni bei gani? Nikitaka kuondoka, nitapewa msimbo wa uhamisho wa kikoa lini? Jibu likirudi asubuhi likiwa na tarakimu, hiyo ni kampuni ya kufikiria. Likirudi likiwa na aya iliyonakiliwa kutoka kwenye tangazo, achana nayo hata kama ni nafuu kwa nusu.

Swali la bakapu lina historia yake. Machi 10, 2021 moto uliteketeza jengo la SBG2 la kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa. Kuna wateja ambao bakapu zao zilikuwa palepale, zikaungua pamoja na tovuti. Kampuni yoyote utakayoichagua, nakala moja ya mafaili na ya hifadhidata iwe mikononi mwako, nje ya seva zao, na uijaribu kuona kama inafunguka.

Kuna anayesema aachane na hizi kampuni za seva za pamoja akodi seva yake mwenyewe. DigitalOcean wanauza seva ndogo kabisa kwa dola 4 kwa mwezi, na Hetzner wa Ujerumani wanajulikana kwa bei za chini. Kwa fundi anayeijua Linux ni chaguo zuri sana. Kwa wengine, dola 4 hizo zinanunua mashine tupu: kusasisha mfumo, kuzuia wavamizi na kuchukua bakapu ni kazi yako, na hakuna wa kumpigia WordPress ikigoma. Jumlisha malipo ya fundi wa kila mwezi ndipo ulinganishe.

Barua pepe ningeitenga kabisa na tovuti. Kwenye seva ya pamoja, jirani mmoja akituma matangazo ya ovyo anwani nzima ya seva inaingia kwenye orodha nyeusi, na uthibitisho wa chumba unaishia kwenye taka za mgeni. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti ya uthibitishaji wa anayetuma, kwa hiyo rekodi za SPF na DKIM ni lazima ziwekwe sawasawa. Zoho Mail ina kifurushi cha kuanzia dola 1 hivi kwa mtumiaji kwa mwezi ukilipa kwa mwaka. Google Workspace ni ghali mara kadhaa zaidi. Kwa masanduku matatu au manne ya barua Zoho inatosha. Faida yake kubwa utaiona siku ya kuhama: tovuti inahama, barua hazitikisiki.

Kuliko yote hayo, hakikisha jina la kikoa limesajiliwa kwa jina lako na barua pepe yako, si ya fundi wala ya kampuni. Lisajili kwa msajili mwingine, mbali na anayekuhosti. Kwa .com, bei ya jumla ambayo Verisign huwatoza wasajili ni dola 10.26 kwa mwaka tangu Septemba 2024, kwa hiyo anayekutoza dola 30 anajiongezea. Kwa kanuni za ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani, msajili anatakiwa kukupa msimbo wa uhamisho ndani ya siku tano baada ya kuuomba, lakini kikoa kilichosajiliwa au kuhamishwa karibuni hufungwa kwa siku 60. Vikoa vya .ke vina kanuni za KeNIC, na vya .tz viko chini ya TCRA. Kampuni ikikunyima kikoa ambacho ni chako, huko ndiko pa kupeleka malalamiko. Usingoje kiishe muda ndipo ugombane, kwa sababu kukikomboa baada ya hapo kuna ada inayozidi bei ya kawaida mara kadhaa.

Kazi ya kuhama ifanywe kimya. Chukua bakapu kamili kabla ya kuwaambia wa zamani lolote. Pakia tovuti kwa kampuni mpya na uikague ukiwa bado hujabadili anwani. Siku moja kabla, shusha TTL (muda ambao rekodi hukumbukwa kabla ya kuulizwa upya) ya rekodi za kikoa hadi sekunde 300 ili mabadiliko yaenee haraka, kisha elekeza kikoa kwenye seva mpya katika saa ambazo wageni ni wachache. Akaunti ya zamani iache hai kwa wiki mbili hivi, uhakikishe hakuna fomu wala barua inayoendelea kuingia huko. Siku ya kuifunga, ondoa kwanza malipo ya kujirudia kwenye kadi, halafu ombi la kufunga liandike kwa tiketi, upate namba yake na tarehe, maana kuna kampuni zinazoendelea kutoa ankara kwa akaunti ambayo mteja aliiaga kwa simu tu.