Shule Ndogo Ndiyo Inafaulisha?

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mjadala vyumbani hosteli ni uleule: "Wale wanaongoza kwa sababu wako wachache." Wengi wetu, hasa tunaosomea ualimu, tunaondoka na jibu moja: punguza wanafunzi, ufaulu utapanda. Hebu tulipime jibu hilo.

Tuanze na hesabu. Shule ikiwa na watahiniwa 10, mmoja akifeli, ufaulu unashuka kwa asilimia 10. Ikiwa nao 200, unashuka kwa nusu asilimia tu. Kwa hiyo shule ndogo hupanda na kushuka upesi: mwaka huu kileleni, mwakani mkiani, na walimu ni walewale. NECTA yenyewe, enzi za kutangaza shule kumi bora, iliwahi kuzitenga zenye watahiniwa chini ya 40 na zenye 40 na zaidi. Januari 2023 ikaacha kabisa kutangaza orodha hiyo.

Je, udogo hausaidii kitu? Unasaidia, ila kwa masharti. Kuanzia mwaka 2002, jiji la New York lilifunga sekondari kubwa zilizokuwa zikifanya vibaya, likafungua ndogo zenye wanafunzi kama 100 kwa kila kidato. Waombaji walipozidi nafasi, bahati nasibu iliamua, hivyo watafiti wakaweza kulinganisha waliopata na waliokosa. Waliopata walihitimu kwa wingi zaidi. Lakini shule hizo zilianzishwa kwa mipango mipya, na mkazo ulikuwa mwalimu amjue mwanafunzi wake kwa karibu.

Sasa tuje jirani. Kenya magharibi, mwaka 2005, madarasa ya kwanza yenye watoto kama 80 yaligawanywa kwa kuajiri mwalimu wa mkataba. Waliobaki kwa mwalimu wa serikali, japo darasa lilipungua karibu nusu, hawakupanda kwa maana. Mwalimu alilegeza juhudi. Waliokwenda kwa mwalimu wa mkataba walifanya vizuri zaidi.

Somo ni nini? Uchache unampa mwalimu nafasi ya kukuona, kusahihisha daftari lako na kugundua mapema kwamba umeachwa. Asipoitumia nafasi hiyo, uchache ni viti vitupu tu.

Jambo hili linatuhusu. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, shule za kata zimefurika, na wengi wetu tutapangiwa huko. Kudai walimu na madarasa zaidi ni haki, tuendelee kudai. Ila darasa la 90 halisubiri: gawa vikundi, zungusha usahihishaji, jua majina ya wanaokaa nyuma.

Na hapa chuoni, ukumbi ukijaa mamia, semina ndiyo shule yako ndogo. Ukiikacha, usije ukashangaa sapu.