Bunduki za Munigi na vipande vyake

Tarehe 30 Julai 2013, MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani Kongo, ilitoa tangazo lililowagusa moja kwa moja watu wa Munigi: yeyote mwenye bunduki ndani ya Goma na vitongoji vyake vya kaskazini, na si askari wa serikali, ana saa 48 kuisalimisha. Muda ulikoma Alhamisi, 1 Agosti, saa kumi jioni. Munigi iko njiani, kilomita chache tu ukitoka Goma kuelekea Rutshuru, juu ya mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo. Huko huko Umoja wa Mataifa ulikuwa na kambi ya kuwapokea wapiganaji waliotoka msituni, wakiwemo Wanyarwanda wa kundi la waasi la FDLR waliokuwa wakisubiri kurudishwa kwao.

Mpiganaji anayefika kambi ya namna hiyo huulizwa jina, umri, kundi na kamanda wake. Bunduki yake huhesabiwa. Ninachodai katika makala hii ni kwamba bunduki nayo ihojiwe, tena kipande kwa kipande, kwa sababu mara nyingi inajua mengi kuliko kijana aliyeibeba. Yeye huenda alipewa usiku na mtu asiyemjua. Chuma kina mahali kilipozaliwa, na pengine kimezaliwa mahali patatu.

Chukua bunduki ambayo kila mtu wa Kivu anaiita kalash. Kwa mbali zote ni moja. Isogeze karibu, uigeuze ubavu wa kulia, utazame swichi yake ndefu ya chuma. Ikiwa juu, bunduki imefungwa. Ikiwa katikati, inamimina risasi mfululizo. Ikishushwa hadi chini kabisa inajijaza yenyewe lakini inatoa risasi moja kila kifyatuo kinapovutwa. Kando ya vituo hivyo kuna herufi, na herufi hizo ni kama lafudhi ya msemaji: L na D ni Mchina, D na E ni Ujerumani Mashariki ya zamani, U, R na J ni Yugoslavia. Mhungari aliandika namba 1 na alama ya hesabu isiyo na mwisho. Mrusi alitumia herufi zake za Kisirili. Ukikuta pembetatu yenye 66 ndani, basi chuma hicho kilitoka kiwanda cha China. Bunduki ya Kichina ya aina ya 56 hujulikana pia kwa pete nzima ya chuma inayozunguka ncha ya kulengea juu ya mtutu, na nyingi zina singe iliyofungwa hapo hapo na kukunjwa chini ya mtutu.

Baada ya hapo fungua kifuniko cha juu. Kiwanda kilichofanya kazi yake vizuri kilichapa namba kwenye mwili wa bunduki, kisha kikazirudia, nzima au tarakimu za mwisho, kwenye vyuma vinavyokwenda na kurudi ndani. Namba zikilingana, bunduki imeishi na viungo vyake tangu ilipozaliwa. Zisipolingana, kuna fundi aliyekaa mahali fulani na bunduki mbili mbovu akatoa moja nzima. Hilo si jambo la ajabu hata kidogo. Mikhail Kalashnikov aliibuni silaha hii mwaka 1947 ili askari wa kawaida aweze kuifungua na kuifunga bila karakana, na sehemu nyingi za bunduki moja huingia kwenye nyingine bila ubishi. Mpenzi wa silaha wa Marekani anayejiundia bunduki yake huchagua mtutu, kitako na darubini kwa fedha na muda. Huku kwetu bunduki za kuungaunga zimeundwa na upungufu: kitako cha mbao kilichochongwa na seremala, mkanda wa kitambaa, magazini ya kiwanda kingine. Hakuna duka. Silaha mikononi mwa raia zinatawaliwa na sheria-amri namba 85-035 ya 3 Septemba 1985, iliyoandikwa enzi za Zaire.

Hivyo vipande vilifikaje hapa? Njia ni nyingi, lakini moja imeandikwa wazi na wachunguzi. Mwaka 1993 Shelisheli ilikamata shehena ya silaha ndani ya meli iitwayo Malo, iliyokuwa ikielekea Somalia. Mwezi Juni 1994, mauaji ya kimbari yakiendelea Rwanda na vikwazo vya silaha vya Umoja wa Mataifa vikiwa vimeshawekwa kwa Azimio 918 la 17 Mei, Kanali Théoneste Bagosora wa Rwanda alikwenda Shelisheli pamoja na mfanyabiashara wa Afrika Kusini, Willem Ehlers. Karatasi zilisema mnunuzi ni Zaire. Ndege zikaleta mzigo katika uwanja wa Goma katikati ya mwezi huo. Mwezi uliofuata jeshi la Rwanda lililoshindwa lilivuka mpaka pamoja na bahari ya wakimbizi, na wanajeshi wa Zaire wakawanyang'anya wengi wao bunduki na kuzirundika mpakani. Wakimbizi wengine walipiga kambi Munigi, kipindupindu kikawaua kwa maelfu katika eneo hili. Na zile bunduki? Human Rights Watch iliandika mwaka 1995 jinsi jeshi hilo la Rwanda lilivyokuwa likijizatiti upya, na mwezi Septemba mwaka huo Baraza la Usalama likaunda tume ya uchunguzi kwa Azimio 1013. Iwapo kila kipande kwenye yale marundo kingeandikwa namba yake, wachunguzi wa miaka iliyofuata wangekuwa na pa kuanzia.

Sheria yetu ya kikanda imeliona hili, na nadhani haipewi sifa inayostahili. Mkataba wa Afrika ya Kati uliopitishwa Kinshasa tarehe 30 Aprili 2010, ukaanza kutumika 8 Machi 2017, haukuishia kwenye bunduki na risasi. Jina lake lenyewe linataja sehemu na vipuri vyote vinavyoweza kutumika kutengeneza, kukarabati na kuunganisha silaha hizo. Aliyeandika sentensi hiyo alizijua bunduki za Afrika. Chombo cha Umoja wa Mataifa cha kufuatilia silaha, kilichopitishwa Desemba 2005, kinadai namba ya pekee ichapwe kwenye sehemu kuu, yaani mwili wa bunduki, na kuhusu sehemu nyingine kama mtutu kinahimiza tu. Itifaki ya Nairobi ya 21 Aprili 2004, ambayo Kongo ni mwanachama wake, ndiyo iliyozaa RECSA, ofisi ya Nairobi inayosaidia nchi wanachama kwa mashine za kuchapa alama. Mashine hiyo inachapa chuma vizuri. Swali ni chuma kipi.

Swali hilo linazidi kuwa gumu kwa bunduki mpya. Muundo wa AR-15, uliotoka kwa Eugene Stoner miaka ya 1950, umegawanyika mwili wa juu na wa chini, na kwa sheria ya Marekani ule wa chini peke yake ndio bunduki. Mtutu, kitako na darubini vinauzwa kama bidhaa nyingine. Huko kwenyewe wamefikishana hadi Mahakama Kuu juu ya vifurushi vya sehemu zisizokamilika na zisizo na namba, na tarehe 26 Machi 2025 mahakama hiyo ikakubali kwamba serikali inaweza kuvidhibiti. Bunduki ya namna hiyo ikifika Kivu ikiwa imebadilishwa mtutu, namba ya mwili itakuambia nusu ya habari tu.

Darubini ndiyo inayonisumbua zaidi. Mwezi Agosti 2013, kwenye vilima vya Kibati juu ya Munigi, Kikosi cha Kuingilia Kati cha MONUSCO, kilichoundwa kwa Azimio 2098, chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kilipigana bega kwa bega na jeshi la Kongo dhidi ya waasi wa M23. Meja Khatib Mshindo wa Tanzania alipoteza maisha tarehe 28 Agosti, aliporushiwa kombora. Magazeti ya Afrika Kusini yaliandika kwamba katika mapigano hayo mdunguaji wao alimpiga afisa wa M23 kutoka mita 2,125, akitumia NTW-20. Bunduki hiyo ni mfano kamili wa silaha ya vipande. Ukibadilisha mtutu, magazini, chuma cha kufungia risasi na darubini, inageuka kutoka milimita 20 hadi 14.5. Pasipo darubini, umbali kama huo haufikiki kwa jicho la binadamu.

Dragunov ya Kirusi, iliyoingia jeshini mwaka 1963, ni ya kawaida zaidi. Darubini yake, PSO-1, inakuza mara nne, na ndani ya kioo imechorwa mistari inayopima umbali kwa kudhani kwamba mlengwa ana urefu wa mita 1.7. Anayetazama humo anamwona mtu kama kipimo. Darubini hiyo hushikwa na reli ya chuma iliyo ubavuni kushoto. Kalash nyingi za zamani hazina reli hiyo. Kwa hiyo anayepokea bunduki aigeuze pia upande wa kushoto, atafute reli, atafute matundu ya skrubu yaliyotobolewa baadaye, atafute rangi iliyokwanguka mahali pasipotarajiwa. Darubini inaweza kung'olewa na kufichwa mfukoni kabla ya kufika getini, lakini alama ya mahali ilipokaa inabaki.

Bintou Keita, aliyekuwa mkuu wa MONUSCO, aliliambia Baraza la Usalama Juni 2022 kwamba M23 inazidi kupigana kama jeshi kamili. Jeshi kamili lina mafundi wa silaha, lina vipuri, na pengine lina macho ya usiku. Vifaa vya kuonea gizani vinadhibitiwa na mpango wa Wassenaar wa mwaka 1996, kwa hiyo vina mtengenezaji, muuzaji na kibali cha kusafirishwa. Namba iliyo kwenye darubini ya namna hiyo inaweza kumfikisha mchunguzi kwenye ofisi iliyotia saini, haraka kuliko kalash ya mwaka 1970 ambayo imeshapita mikononi mwa majeshi matano.

M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, sare na bunduki zilitupwa barabarani, na raia waliziokota. Mamia ya askari na polisi walikimbilia kambi za MONUSCO, wakakabidhi silaha zao huko, na kuanzia 30 Aprili Msalaba Mwekundu wa Kimataifa ukaanza kuwasindikiza hadi Kinshasa. Zile zilizookotwa zitasalimishwa siku moja, chache chache, Munigi au kwingineko. Atakayezipokea awe na kamera, taa na fomu yenye mistari ya kutosha: mwili, kifuniko, vyuma vya ndani, mtutu, kitako, magazini, herufi za swichi, reli ya kushoto, darubini na namba yake. Bunduki moja haichukui zaidi ya dakika kumi. Na picha hizo zipelekwe RECSA na kwa Kundi la Wataalamu la Umoja wa Mataifa kabla chuma hakijakatwa.