Raj Kapoor, Awaara na Suala la Nasaba



Wazee wetu waliolelewa Unguja, ambao leo makazi yao ni Ibra, Sur au Nizwa, hutabasamu wakitajiwa jina la Raj Kapoor. Kwao hakuwa mchezaji tu wa picha za Kihindi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiongoza Awaara, picha iliyotoka mwaka 1951 na kuenea katika majumba ya sinema ya Afrika Mashariki katika miaka hiyo, zama za Empire na Majestic. Wengi wa watazamaji hawakujua Kihindi, wala hilo halikuwazuia kulia.

Kisa chenyewe kimejengwa juu ya suala moja. Jaji mmoja, mtu wa heshima, anaamini kuwa mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi, na mtoto wa watu wema atakuwa mwema. Jambazi aliyeumizwa na imani hiyo anamteka mkewe, kisha anamrejesha. Jaji anaingiwa na shaka juu ya mimba ya mkewe, anamfukuza, na mtoto anazaliwa njiani. Jambazi yule yule ndiye anayemfunza mtoto kuiba. Basi hapo damu ya jaji imefaa nini?

Raj Kapoor, kijana asiyetimiza hata miaka 30, alimpa baba yake mzazi, Prithviraj, nafasi ya jaji huyo, na mdogo wake Shashi akacheza utoto wa Raju. Hata babu yao anaonekana mahakamani. Ukoo mzima, ndugu zetu, uliingia katika picha inayoukosoa ukoo! Ndoto ya Raju peke yake, dakika chache tu kwenye pazia, ilimchukua miezi mitatu kuipiga. Na mwishoni hakumwachia Raju aondoke mahakamani akiwa huru; alimpeleka jela, Rita akabaki kumngoja.

Twaamini picha hii ina maneno nasi hasa. Sisi tuliorejea Oman baada ya mwaka 1970, na watoto wetu waliozaliwa hapa, tumezoea kuulizwa kabila kabla ya kuulizwa hali. Posa inapoletwa, tabia ya kijana huulizwa baadaye, pengine isiulizwe kabisa. Twajua uchungu wa kuitwa Wazinjibari na jamaa wa damu moja nasi. Lakini je, nasi hatukuwapima wengine kwa mizani hiyo hiyo kule Unguja? Wazee waliomlilia Raju walitoka sinema wakarudi majumbani mwao, na posa zikaendelea kukataliwa kama zamani.

Ujasiri wa Raj Kapoor nao ulikuwa na gharama. Mera Naam Joker, aliyoishughulikia kwa miaka kama sita, ilitoka mwaka 1970, ndefu zaidi ya saa nne, na ikamtia hasarani. Mwaka 1973 akatoa Bobby, mapenzi ya vijana, ikapata faida kubwa. Baadhi ya picha zake za baadaye, kusema kweli, hatuwezi kuziweka mbele ya watoto.

Watengenezaji wa leo wameshika funzo la hasara ile tu. Don ya mwaka 1978 ilitengenezwa upya mwaka 2006, na mwaka 2011 ikafuatiwa na ya pili. Dabangg imetoka mara tatu, miaka ya 2010, 2012 na 2019. Fedha ni nyingi kuliko alizokuwa nazo Raj Kapoor, vyombo ni bora zaidi, ila jaji wa namna ile, anayeitwa mbele ya mwanawe ajibu kwa imani yake, twamkosa.

Awaara huchukua karibu saa tatu. Yafaa itazamwe usiku wa kuamkia Ijumaa, bibi akiwepo. Vijana wakishindwa kufuata maneno, wamuulize yeye kwa nini jaji alimfukuza mkewe, kisha wamuulize ni posa ipi nyumbani kwao iliyokataliwa kwa sababu kama hiyo.