Walokole na Toba ya Hadharani

Mwanasiasa wa Kenya akipewa kipaza sauti mazishini, hutanguliza "Bwana Yesu asifiwe", na umati humwitikia "Amina" kabla hajasema lililomleta. Salamu hiyo ilistawi miongoni mwa watu waliochoshwa na dini ya midomo, nao ni walokole.

Habari yao inaanzia mwaka 1929, ambapo Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi huko Namirembe, Kampala. Wote wawili walikuwa Waanglikana waliobatizwa, na wote waliona kuna kitu kimepungua. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alihudumu Gahini na kulisihi kanisa lizinduke hadi alipofariki Januari 1936. Makanisa yalikuwa yamejaa wakati huo. Ubatizo ulimfungulia mtu shule, ukampa jina jipya na mara nyingine njia ya cheo. Aliweza kukariri katekisimu, akapata kipaimara na kuketi safu ya mbele, huku kila jirani akijua alikompata ng'ombe wake.

Walokole waliligusa jambo hilo la ng'ombe. Katika ushirika wao, uliofanyika nyumbani kwa ndugu au nje penye kivuli, bila joho wala kitabu cha sala, mtu alisimama akaitaja dhambi yake kwa jina: nimeiba, nimezini, nimemchukia fulani aliyeketi pale. Kuungama huko walikuita kutembea nuruni. Wenzake waliitikia kwa Tukutendereza, wimbo wa Kiganda ulioenea hadi Bukoba, Burundi na nyanda za juu za Kenya, ukaimbwa hata na wasiojua Kiganda. Lakini kuimba hakukumaliza shauri. Kesho yake aliyeungama alitakiwa amwendee mwenye mali na kuirudisha, awe ni jirani, mwenye shamba au misheni yenyewe. Wamisionari waliopelekewa vitu ambavyo hata hawakujua vimepotea walibaki wameduwaa. Na baadhi yao, jambo gumu zaidi enzi za ukoloni, wakasimama mbele ya Waafrika kutubu kiburi chao.

Mezani nako mambo yakabadilika. Wanawake waliookoka wakala kuku na mayai, vyakula ambavyo mila katika sehemu nyingi za Uganda iliwakataza. Watu wa makabila na matabaka yasiyoshirikiana chungu wakala pamoja na kuitana ndugu. Kwa wazee wa koo hilo lilikuwa tusi. Wakuu wa kanisa nao walikerwa: mwaka 1941 mlokole William Nagenda na wenzake walifukuzwa katika chuo cha teolojia cha Mukono.

Kisha likatokea lililotarajiwa. Ushuhuda ukapata kanuni yake: jina langu ni fulani, nimeokoka, ninampenda Yesu kama Mwokozi wangu. Leo mtoto wa shule huitamka kwa pumzi moja kama anayetaja namba ya simu. Wakazuka Abazukufu nchini Uganda, waliodai wenzao wamelala tena, wakakaza kamba juu ya mikopo na mavazi. Nadhani Abazukufu waliutambua ugonjwa, ila wakauongezea dawa iliyouleta. Urefu wa gauni huigizwa kwa urahisi kuliko kitabu cha sala. Kurudisha ng'ombe ndiko kulikokuwa kugumu kuigiza, maana kuna zizi linalobaki tupu.

Hata hivyo, tusidhani walokole hawakujali mambo ya nje. Vita vya Mau Mau vilipopamba moto Kenya katika miaka ya 1950, Wakikuyu wengi walilazimishwa kula kiapo cha vita hivyo, kilichohusisha kunywa damu ya mbuzi. Ingewezekana mlokole akainywa kwa mdomo tu, akabaki na Kristo wake moyoni. Hoja hiyo ingelingana na mengi waliyoyahubiri juu ya ibada tupu. Wengi walikataa. Walisema wamekwisha kunywa damu ya Mwanakondoo, hawawezi kuchanganya nyingine. Serikali ilipowataka washike bunduki upande wake, wapo waliokataa vilevile, wakaitwa waoga huku na wasaliti kule. Baadhi yao waliuawa kwa sababu ya mnywo mmoja ambao, kwa aliyewashikia kisu, ulikuwa jambo la nje tu.