Nani Hujibu kwa Risasi? Siasa na Sheria katika Nchi ya Dhahabu
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya nilieleza jinsi silaha ya moto inavyokabidhiwa kwa askari na kwa mlinzi, pamoja na masharti yamfungayo yule aliyeipokea. Leo naingia katika swali ambalo, kila mtu anapouawa kwa risasi katika nchi hii ya dhahabu, tangu Geita na Katoro hadi Kahama na Kakola, huzungumzwa usiku kucha kwenye vijiwe vya kahawa na kando ya maduara ya wachimbaji wadogo, nalo ni hili: risasi ikishaua, ni nani apasaye kujibu, na ajibu mbele ya nani?

Mazungumzo yetu, kwa kadiri nilivyoyasikiliza miaka mingi, huanza na siasa na mara nyingi huishia hapohapo. Huyu atataka waziri ajiuzulu, yule atasema kelele zote ni za chama fulani kinachotafuta kura, na wa tatu atamlaani mkuu wa wilaya. Kisha matanga yanaondolewa, na jina la aliyefyatua risasi halijatajwa hata mara moja. Sisemi kwamba siasa haina haki ya kuingia katika jambo la damu, kwani mwenye kutawala amejitwika ulinzi wa roho za raia, na ulinzi huo ukivunjika hana budi kuulizwa. Nisemalo ni kwamba dhima ya mwanasiasa na dhima ya mkosaji wa jinai ni mambo mawili, kila moja lina mlango wake na ushahidi wake, na tunapoyachanganya tunawasaidia wakosaji wa pande zote mbili kupita katikati.

Nasi watu wa Shinyanga tulipaswa kulijua hilo kabla ya Watanzania wengine, kwa kuwa somo lake lilitolewa hapa kwetu. Mwaka 1976, mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilipokuwa katika fadhaa ya mauaji, wengi wa waliouawa wakiwa vikongwe waliosingiziwa uchawi, vyombo vya dola vilifanya msako mkubwa, watu wengi wakakamatwa, na baadhi yao wakafa wakiwa mahabusu kwa sababu ya mateso waliyotendewa na wale waliopewa kazi ya kuwahoji. Mauti yale hayakuwa ya risasi, lakini kadhia ile ndiyo mama wa mjadala wetu wote. Habari zilipomfikia Mwalimu Nyerere, na mambo yakabainika, Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwanzoni mwa 1977, akafuatana na Peter Siyovelwa, waziri mwenzake aliyesimamia usalama, na wakuu wa mikoa hii miwili nao wakaachia nyadhifa zao.

Msomaji na atulie hapa kidogo, maana jambo hili lina uzito. Mzee Mwinyi hakumgusa mtu yeyote, wala hakuna aliyemshitaki kwamba ndiye aliyetoa amri ya kutesa. Alijiuzulu kwa sababu wizara ni amana, na amana ikipotea mikononi mwa watumishi, aliyeipokea ndiye aendaye kwa mwenyewe kusema imepotea. Dhima ya namna hiyo haihitaji shahidi aliyeona, wala haiulizi nia. Lakini kujiuzulu kwake hakukufunga ile kesi ya jinai, kwani baadaye baadhi ya maofisa waliohusika na mateso walifikishwa mahakamani wakatiwa hatiani, kila mtu kwa tendo lake. Na kwa kuwa kujiuzulu si adhabu bali ni heshima inayotolewa kwa umma, hapakuwa na aibu yoyote mzee yule alipotumwa Misri kuwa balozi, na hatimaye, mwaka 1985, akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Wale wanaodai leo kwamba waziri aking'oka haki imetendeka, na wale wanaodai kwamba waziri asiguswe mpaka mahakama imtie hatiani, wote wawili wameisahau Shinyanga ya 1977.

Sasa tuuendee mlango wa jinai. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria zetu, imetenganisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, na tofauti yake haiko katika ukubwa wa msiba bali katika hali ya moyo wa aliyeua wakati ule wa kutenda. Kifungu cha 200 kinaeleza kuwa kusudio halitazamwi katika nia ya kuua peke yake; mtu aliyenuia kumjeruhi mwenzake vibaya, au aliyejua kwamba tendo lake yaelekea litamwua mtu au kumjeruhi vibaya, naye huhesabiwa kuwa alikusudia. Anayepatikana na kosa hilo, kifungu cha 197 humpa hukumu ya kifo. Aliyeua bila kukusudia, kifungu cha 198 humfikisha hata kifungo cha maisha, lakini jaji aweza kumpa pungufu ya hapo. Tena mshitakiwa wa kuua kwa kukusudia hana dhamana, na yule wa pili anayo. Ndiyo sababu kubadilishwa kwa neno moja katika hati ya mashitaka kunaweza kumtoa mtu gerezani jioni ileile.

Jambo hilo nchi nzima ililiona Novemba 2006, pale Ukiwaona Ditopile Mzuzuri, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa jirani zetu wa Tabora, aliposhitakiwa kwa kumpiga risasi na kumwua dereva wa daladala mjini Dar es Salaam. Alishitakiwa kwanza kwa kuua kwa kukusudia, kisha shitaka likageuzwa kuwa kuua bila kukusudia, akapata dhamana, na watu wakapiga ukelele kwamba kuna sheria ya wakubwa na sheria ya wanyonge. Alifariki Aprili 2008 kabla ya kesi kufikia hukumu, kwa hiyo mbele ya sheria alikufa akiwa hana hatia, na mimi sina ruhusa ya kumhukumu kaburini. Neno langu ni kwa upande wa mashitaka: mwenye mamlaka ya kugeuza shitaka anayo mamlaka hayo kisheria, lakini ayatumiapo pasipo kuufafanulia umma sababu yake, katika kesi ya mtu mwenye cheo, ameiacha siasa ijaze pengo ambalo sheria ilipaswa kulijaza.

Kesi iliyo ngumu zaidi kwa akili, na ambayo naitaja kila mara nifundishapo vijana, ni ile ya wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi, waliouawa kwa risasi Januari 2006 katika msitu wa Pande. Polisi walisema kwanza kwamba wale ni majambazi waliokufa katika kurushiana risasi na askari. Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, na ile hadithi ya majambazi ikaporomoka. Abdallah Zombe, ofisa wa ngazi ya juu wa upelelezi, na askari waliokuwa chini yake wakashitakiwa. Agosti 2009 Jaji Salum Massati aliwaachia huru Zombe na wenzake wanane, na nchi ikapigwa na butwaa, kwa maana watu wanne walikuwa wamekufa, na aliyewaua hakuwamo kizimbani.

Wengi walidhani jaji amepindisha sheria, lakini ni vema tuisome sheria kwanza. Vifungu vya 22 na 23 vinamfanya mkosaji mkuu si yule aliyefyatua tu, bali na aliyeamuru, aliyeshawishi, aliyesaidia, na wale walioungana kwa azma moja. Hata hivyo upande wa mashitaka hauna budi kuifunga kamba hiyo kwa ushahidi, fundo kwa fundo, kutoka kwenye mtutu mpaka kwenye mdomo uliotoa amri. Kuwa mkuu wa kazi hakutoshi. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani ofisa mmoja tu na kumpa adhabu ya kifo, na kumwacha Zombe huru. Miaka kumi ilikuwa imepita. Mtu aweza kuachiwa na mahakama ya jinai kwa haki kabisa, na bado umma ukawa na haki ya kuuliza chombo kizima kilikuwa na maadili gani hata hadithi ya uongo ikasimama mbele ya vyombo vya habari. Lakini swali hilo la pili huulizwa Bungeni na wizarani, halimfuati mtu aliyekwisha kuachiwa.

Na huku kwetu? Mwaka 1996 wachimbaji wadogo walifukuzwa Bulyanhulu, wakati huo ikiwa Kahama katika Mkoa wa Shinyanga, na pakazuka madai kwamba baadhi yao walifukiwa wakiwa hai katika maduara yao. Serikali na kampuni zilikanusha, na ofisi ya malalamiko ya taasisi za Benki ya Dunia, katika ripoti ya 2002, ikasema haikuona ushahidi wa madai hayo. Mwaka huohuo Tundu Lissu na wenziwe waliokuwa wakiyasimamia walikabiliwa na shitaka la uchochezi. Sitoi uamuzi juu ya maduara yale. Nasikitika tu kwamba jambo la nani alikufa na nani hakufa likageuka kuwa jambo la nani ni mzalendo na nani si mzalendo, na hivyo ndivyo siasa inavyoila sheria.

Miaka 15 baada ya kufukuzwa kule Bulyanhulu, tarehe 16 Mei 2011, polisi waliwaua kwa risasi watu watano katika mgodi wa North Mara, huko Nyamongo wilayani Tarime, watu walipoingia kutafuta mawe yenye dhahabu, mawe ambayo ndugu zetu wa Geita huyaita magwangala. Ilisemwa kwamba askari walishambuliwa na kundi kubwa. Hilo likithibitika lina uzito, kwa kuwa kifungu cha 18A cha Kanuni ya Adhabu kinampa kila mtu haki ya kujihami. Lakini kifungu cha 18B kinasema nguvu iwe ya kiasi, na anayeua kwa kuvuka kiasi katika kujihami ana hatia ya kuua bila kukusudia. Uzito wa mawe yaliyorushwa, umbali wa aliyepigwa, na kama risasi iliingilia kifuani au mgongoni, hayo ndiyo mambo ya kupimwa. Baadhi ya ndugu wa waliouawa na waliojeruhiwa Nyamongo waliishitaki kampuni mjini London mwaka 2013, wakalipwa kwa mapatano ya nje ya mahakama mwaka 2015. Nami nawaonea furaha kwa walichopata, lakini mapatano ya namna hiyo hayamtaji mkosaji, wala hayasemi risasi iliingilia wapi. Fidia ni haki ya mfiwa. Jinai ni deni la Jamhuri.

Nchi yetu inayo Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980, inayomtaka hakimu achunguze hadharani kifo cha ghafla na cha nguvu, awaite mashahidi, na atamke sababu ya kifo. Sheria hiyo imelala katika makabati mengi ya wilaya zetu. Ndugu msomaji wa Nyarugusu, wa Mwime, wa Kakola: ukifiwa kwa risasi, usikubali maiti izikwe kabla daktari hajaandika jeraha liko wapi, okota maganda ya risasi mbele ya mashahidi, andika saa na mahali, kisha uende kwa hakimu wa wilaya kwa barua, utaje sheria hiyo kwa jina lake, udai uchunguzi. Fanya hivyo kabla hujamtafuta mbunge. Wiki ijayo, Inshallah, nitaandika juu ya walinzi wa makampuni binafsi na dhima ya mwajiri wao.