Columbo: Stelingi wa koti chakavu asiyerusha ngumi

Kama uko kijiweni Buzogwe na kahawa yako mkononi, au umekalia mzigo pale stesheni ya Mpanda unasubiri gari moshi, sogea karibu. Wiki hii mastaa wa Bongo tunawapumzisha kidogo. Tunachungulia nyuma ya pazia la mchezo mmoja wa kipelelezi uliotikisa TV za Marekani, halafu mwisho kabisa nina swali langu kwako. Usiruke kwenda chini, utakosa uhondo!

Sheria za kideo kila mtoto wa mjini anazijua. Stelingi hafi. Stelingi anapigwa mwanzoni, anakwenda kujifua, anarudi na kisasi. Muuaji hajulikani mpaka dakika za mwisho. Sasa Luteni Columbo, askari kanzu wa mji wa Los Angeles, alizipindua sheria hizo karibu zote. Muuaji unaonyeshwa mwanzoni kabisa, unamwona na unamjua. Columbo mwenyewe anaingia baadaye, amechoka, nywele timutimu, sigara kubwa mdomoni. Hapigani na mtu. Kinachokuweka kwenye benchi ni swali moja tu: huyu mzee atamnasaje yule tajiri?

KOTI LILIKUWA LAKE

Aliyeigiza ni Peter Falk. Lakini hakuwa wa kwanza. Waandishi wawili, Richard Levinson na William Link, marafiki tangu wakiwa wanafunzi, walimleta Columbo kwenye TV mwaka 1960, akaigizwa na Bert Freed. Mwaka 1962 akapanda jukwaani, safari hiyo ndani ya ngozi ya mzee Thomas Mitchell. Ilipofika zamu ya filamu ya TV ya mwaka 1968, mwimbaji Bing Crosby alifuatwa akakataa. Falk akaokota bahati. Alikaa na Columbo mpaka mwaka 2003, jumla visa 69. Alifariki mwaka 2011 akiwa na miaka 83.

Lile koti la mvua unaloliona limekunjamana kama limetoka kwenye belo la mitumba halikutoka stoo ya studio. Falk alilinunua mwenyewe New York mwaka 1967, siku mvua ilipomkuta barabarani. Walipompa nguo za kuigizia hazikumpendeza, akaenda nyumbani akalileta lake. Akalivaa miaka yote ya 1970 mpaka likachoka kabisa.

Na lile jicho lake? Halikuwa pozi. Jicho la kulia lilitolewa akiwa na miaka mitatu kwa sababu ya uvimbe, akawekewa la bandia. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba akiwa shuleni, kwenye mchezo wa besiboli, mwamuzi alimtoa kimakosa. Falk akalichomoa lile jicho la kioo akampa mwamuzi, kwamba wewe ndiye unayelihitaji zaidi!

"SAMAHANI, KITU KIMOJA TU..."

Mtindo wake mkubwa unaujua. Anauliza maswali ya kijinga, anaaga, anafika mlangoni, mwenye nyumba anashusha pumzi. Ghafla Columbo anageuka: samahani, kuna kitu kimoja tu. Hapo ndipo jasho linamtoka mtu.

Unadhani lilibuniwa na mabingwa wa saikolojia? Wapi! Levinson na Link walikuwa wanapiga taipu mchezo wao, wakaona Columbo ametoka mapema na bado kuna jambo la kuuliza. Kuanza upya ukurasa mzima ni kazi. Wakaona bora arudi mlangoni aulize. Uvivu wa taipu ukazaa msemo uliozunguka dunia.

Gari nalo lina kisa. Falk alilichagua mwenyewe kwenye maegesho ya studio, Peugeot 403 ya kufunguka juu, hoi bin taabani. Wazee wetu wanamjua vizuri mdogo wake, Peugeot 404, ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963, tena mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968.

Mbwa alipoletwa mwaka 1972, kwenye kisa cha Etude in Black, Falk alinuna. Koti lipo, gari lipo, sigara ipo, mbwa wa nini tena? Alipomwona kazubaa, mzito, masikio yanaburuza chini, akasema huyu ndiye. Mbwa yule alipokufa wakaleta mwingine aliyeonekana kijana mno, ikabidi wampake vipodozi azeeke. Naye ana saluni!

Na unamjua kijana aliyeongoza kisa cha Murder by the Book, mwaka 1971? Steven Spielberg, akiwa na miaka 24. Jaws, filamu ya papa iliyomfanya ajulikane dunia nzima, ilikuja mwaka 1975.

BASTOLA? MUULIZE MWINGINE

Sasa tufike kwenye utamu wenyewe. Kwa kawaida Columbo habebi bastola. Kwenye kisa cha Forgotten Lady cha mwaka 1975, wakubwa wake wanamsaka kwa sababu amekwepa jaribio la kulenga shabaha. Anafanya nini? Anamlipa askari mwenzake akamfanyie!

Kisa hichohicho ndicho kilichowaliza wengi. Muuaji ni mwanamama msanii wa zamani, aliyeigizwa na Janet Leigh. Columbo anamfuata taratibu, ushahidi kwa ushahidi, mpaka anagundua kwamba mama huyo ana ugonjwa kichwani, amebakiza muda mfupi wa kuishi, na hata hakumbuki kwamba ameua. Rafiki wa mama anajitolea kusema ni yeye muuaji. Columbo anajua ni uongo. Anajua pia kwamba uongo huo unaweza kuchukua miezi kadhaa kuvunjika, na mama atakuwa ameshakwenda. Anakubali. Ona basi: mtu aliyekuwa na uhakika wote mkononi ndiye aliyeweza kuwa na huruma.

WA KWETU YUPO

Usije ukasema hayo ni mambo ya Wazungu. Zanzibar ilitupa Bwana Msa, mpelelezi wa vitabu vya Muhammed Said Abdulla, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale kilichochapwa mwaka 1960. Naye silaha zake ni kiko, rafiki yake Najum na akili inayokataa kusadiki haraka. Watu wanasema ni mzimu, yeye anasema ngoja kwanza.

Ngoja kwanza! Maneno mawili hayo ndiyo swali langu kwako.

Kwenye miji yetu, iwe Mpanda, Tabora au Dar, neno moja linatosha kuua mtu: "Mwizi!" Nani ameibiwa? Hatujui. Ameiba nini? Hatujui. Mawe yameshaokotwa, tairi limeshaletwa. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiyaandika mauaji haya kwenye ripoti zake mwaka hadi mwaka. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Ndugu yangu, kama aliyefikishwa mahakamani analindwa hivyo, huyu ambaye hata polisi hajafika?

Na mara nyingi anayeangukiwa na mawe ni nani? Yule mchafu, mgeni, asiye na wa kumtetea. Kwenye kisa cha Negative Reaction, mwaka 1974, Columbo anaingia mahali wanapolishwa maskini akitafuta shahidi, na mtawa anamdhania ombaomba, anamhurumia na koti lake lile. Pale alipata chakula. Fikiria angekatiza Soko Kuu usiku, koti limekunjamana, jicho halitulii, anachungulia kila mlango. Nani kati yetu angemwita afande?

Halafu muuaji wake angekuwa wapi saa hiyo? Yuko kwenye suti, kwenye gari safi, anapungiwa mkono. Ukimchoma asiyehusika, umemfungulia njia anayehusika, tena hakuna atakayemtafuta.

Basi siku ukisikia kelele mtaani kwako, Kawajense, Makanyagio au Nsemulwa, kabla hujainama kuokota jiwe, geuka kama yule mzee mlangoni. Sema samahani jamani, kuna kitu kimoja tu: nani kamwona akiiba? Huenda ukaokoa roho ya mtu. Na kama kweli kaiba, kituo cha polisi hakihami.

Haya, tuonane wiki ijayo. Kaa mkao wa kula!